Mtego Hauulizi Jina

Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Methali hii imenijia mara nyingi nikifuatilia ugomvi wa Wamarekani kati ya wategaji wa wanyama na watu wanaokwenda porini kutembea na kujiburudisha. Kwetu Tanzania anayetega katika hifadhi ya taifa huitwa jangili, na mjadala wake huishia mahakamani. Kule Marekani, katika sehemu kubwa ya misitu na nyika za umma, mtegaji hukata leseni ya jimbo, hutega katika msimu wake, kisha huuza ngozi zenye manyoya. Mtembeaji naye yumo katika ardhi hiyo hiyo kwa haki ile ile. Wote wawili ni wenye nyumba, na ndiyo maana hakuna anayekubali kutoka.

Mfano ulio wazi ni wa jimbo la New Mexico. Mnamo Novemba 2018, karibu na Santa Cruz Lake, mbwa aitwaye Roxy aliyekuwa matembezini na bwana wake alinaswa shingoni na kitanzi cha waya, akafa. Mwaka 2021 sheria iliyopewa jina lake ilipita katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa kura 35 dhidi ya 34. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 imekataza mitego, vitanzi na sumu ya wanyama katika ardhi ya umma. Arizona ilikwisha kuamua hivyo kwa kura ya wananchi mwaka 1994. Lakini Montana, wananchi walipoulizwa swali la namna hiyo mwaka 2016, karibu 63 katika kila 100 walikataa.

Tuzipime basi hoja zao. Mtegaji hutetea mila aliyorithi, na riziki au mifugo yake. Hayo yana uzito, wala sioni haki ya mtu wa mjini kuyacheka. Hoja yake ya tatu ndiyo isiyonishawishi: kwamba mwenye mbwa amfunge kamba, yaishe. Mtego wa taya hufukiwa kwa udongo mwembamba ili usionekane, na hutiwa harufu ya kumvuta koyoti, yule mnyama wa jamii ya mbwa. Pua ya koyoti na pua ya mbwa wa nyumbani ni ndugu. Tena koyoti, kama mwanadamu, hupenda njia iliyokwisha kukanyagwa kuliko kichaka, na mtegaji hulazimika kumfuata huko. Tukisema mbwa kanaswa kwa bahati mbaya, tunausingizia msiba. Mtego umefanya kazi yake kama ulivyoundwa.

Hapo ndipo mtegaji anapotofautiana na mwindaji wa bunduki. Mwindaji humtazama mnyama kabla ya kufyatua. Akikosea, kosa ni la jicho lake. Mtegaji hutega akaenda zake nyumbani, na hukumu ya nani anaswe ameiachia chuma. Katika shamba lake mwenyewe, labda. Katika ardhi ya watu wote, anawabebesha wengine mzigo wa tahadhari juu ya hatari aliyoificha yeye.

Hata hivyo, sitawaacha watembeaji wapite bila kuguswa. Majukwaani wamezungumza sana juu ya ukatili, lakini sheria yao inaitwa kwa jina la mbwa. Koyoti wangapi walitangulia kufa katika waya kama ule bila sheria kubeba majina yao? Tena sheria yenyewe haikugusa ardhi ya watu binafsi. Kama shabaha ni kuondoa maumivu, mnyama aliye ng'ambo ya ua huumia vile vile. Kama shabaha ni usalama wa wanaotembea pamoja na mbwa wao, basi isemwe hivyo bila mapambo. Ni sababu ya kutosha, na ni ya kweli zaidi.

Jambo moja nalisifu. Sheria hiyo iliacha nafasi kwa wenyeji wa asili walioandikishwa katika makabila yao kutega kwa ajili ya ibada na sherehe. Maana yake, mila ikielezwa ni ya nani na ni ya kazi gani, inaweza kusikilizwa. Neno “mila” likitajwa hivi hivi, kama ngao ya kila biashara ya manyoya, linapoteza nguvu.

Nionavyo mimi, sheria ni ya haki, ingawa mahubiri yaliyoileta hayakunyooka. Anayetumia mali ya shirika hana budi kuwafikiria washirika wenzake anapoondoka. Mtembeaji huacha nyayo, na mvua huzifuta. Mtegaji huacha chuma kilicho wazi taya, na atakayekikanyaga hajulikani.