Istilahi za Tiba ya Safarini: "Ametulia" au "Ametengemazwa"?

Kazi ya kuunda istilahi za tiba hupimwa kwa kawaida kwa vipimo viwili: je, neno ni la Kiswahili fasaha, na je, linalingana na dhana iliyokusudiwa? Vipimo hivi ni vyema, lakini havitoshi. Ziko istilahi ambazo hazikai vitabuni. Hutamkwa usiku kwa simu, baina ya zahanati na hospitali, na yule azisikiaye hutenda mara moja kwa kuzifuata. Istilahi za kumhudumia mgonjwa aliye taabani akiwa njiani ni za aina hiyo. Kwa hizo yafaa tuongeze kipimo cha tatu: mikono ya msikilizaji itafanya nini baada ya kulisikia neno?

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno machache yatumikayo katika uwanja huo. Tutaona kwamba mengi yao hutaja kubebwa kwa mgonjwa na kuisahau tiba yake, na kwamba moja miongoni mwao laweza kuwa la hatari.

Gari la wagonjwa na ambulensi

Tuanze na chombo chenyewe. Wafaransa walikuwa na hospitali za kijeshi zilizofuata majeshi, wakaziita kwa jina lenye maana ya "hospitali itembeayo". Katika miaka ya 1790 Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa majeshi yao, alibuni magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili majeruhi wafikiwe vita vikiendelea, badala ya kungojewa mpaka viishe. Kadiri miaka ilivyopita, neno "hospitali" lilidondoka, likabaki "itembeayo", na mwishowe jina likaliangukia gari. Kiswahili nacho kikatafsiri kile kilichoonekana kwa macho: gari la wagonjwa. Tulipokea magurudumu, tukaiacha hospitali.

Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, halitofautishi gari lenye oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi na mhudumu aliyefunzwa, na gari lenye kitanda na king'ora tu. Pili, latufunga barabarani. Mgonjwa wa visiwa vya Ukerewe huvuka Ziwa Viktoria kwa chombo cha majini. Na tangu AMREF ilipoanzishwa Nairobi mwaka 1957, madaktari wake wamewafikia wagonjwa kwa ndege. Hayo si magari.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mpango wa m-mama nchini Tanzania, unaowashughulikia wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, hupokea simu kwa namba 115 na kutuma ambulensi. Ambulensi isipopatikana, hutumwa dereva wa jamii na gari lake. Vyombo vyote viwili huokoa maisha, lakini anayempakia mama hana budi kujua ni kipi kimefika mlangoni. Pendekezo letu ni kwamba "ambulensi", kwa tahajia moja badala ya mbili zinazozagaa sasa, liwe jina la chombo chochote chenye tiba ndani yake, kiwe cha nchi kavu, cha majini au cha angani. "Gari la wagonjwa" libakie kuwa gari libebalo wagonjwa, wala hakuna aibu katika kuliita hivyo.

Kusafirisha na kusindikiza

Kitenzi kinachotawala ni "kusafirisha". Twasafirisha pamba, twasafirisha mizigo, na katika matangazo ya misiba twasafirisha maiti. Sifa ya vitu hivi vyote ni kwamba havibadiliki njiani kwa kukosa kuangaliwa saa kwa saa. Mgonjwa hubadilika. Muuguzi aendaye naye husemwa kuwa "anamsindikiza", nalo ni neno la adabu njema: mgeni husindikizwa hadi njia panda, mwenyeji akarudi. Lakini asindikizaye hana kazi zaidi ya kuwapo. Mwaka 1966 Frank Pantridge, daktari wa moyo wa Belfast, alipoanza kuwapelekea wagonjwa daktari na mashine ya kushtua moyo huko huko walikoangukia, alithibitisha kwamba tiba haina haja ya kungoja mlango wa hospitali. Kazi ya namna hiyo tunapendekeza iitwe "tiba ya safarini", na aifanyaye awe "mhudumu wa safarini". Maneno haya ni mepesi, na kila mmoja aweza kuyaelewa bila ya kamusi.

Mahututi

Kuhusu "mahututi" tutasema kwa ufupi. Katika Tanzania na Kenya pia, "chumba cha wagonjwa mahututi" kimekwisha kuzoeleka, na si kazi ya mhakiki kukivunja. Hata hivyo, kwa masikio ya nyumbani, aliye mahututi ni yule ambaye jamaa zake wanaitwa waje kumwona kwa mara ya mwisho. Kwa mtaalamu, ni yule ambaye kiungo chake kimeshindwa kazi na chaweza kusaidiwa mpaka kirejee. Mmoja hukata tamaa, mwingine huanza kazi. Lililo la kukataliwa kabisa ni "huduma mahututi", ambalo huonekana mara kwa mara katika maandishi. Kwa sarufi yetu, hapo iliyo taabani ni huduma yenyewe.

Kutulia

Sasa tufike penye uzito. Katika barua za rufaa na katika simu husemwa: "Hali ya mgonjwa imetulia, tunamleta." Dhana iliyokusudiwa ni ya kitaalamu: kwamba njia ya hewa i wazi, kwamba pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vimepimwa zaidi ya mara moja, na kwamba havielekei kuharibika. Lakini "kutulia" hakusemi hayo. Bahari hutulia, ghasia hutulia, mtoto mtukutu hutulia. Maana iliyo ya pamoja ni kukoma kwa msukosuko.

Mwili wa binadamu hausemi hivyo. Mama avujaye damu baada ya kujifungua kwanza huhangaika, huona kiu, na moyo wake huenda mbio. Damu ikizidi kupungua, ubongo hukosa oksijeni, naye husinzia na kunyamaza. Ndugu walio kando humshukuru Mungu kwamba ametulia. Vivyo hivyo mtoto mwenye pumu kali: kifua kilichokuwa kikipiga filimbi hunyamaza, si kwa kuwa hewa inapita vizuri, bali kwa kuwa haipiti kwa kiasi cha kutoa sauti. Katika hali zote mbili neno "ametulia" ni la kweli kwa macho na la uongo kwa tiba. Lampa aliye karibu na kufa jina la aliyepata nafuu, na msikilizaji, kwa haki kabisa, hupunguza haraka yake.

Wako wanaopendekeza "hali thabiti" au "hali imara". Maneno hayo hutoroka kasoro moja na kuingia katika nyingine, kwa sababu huashiria nguvu. Mgonjwa anayepumuliwa na mashine huenda vipimo vyake visibadilike kwa saa nyingi, lakini hakuna awezaye kumwita imara.

Kiswahili kinalo neno bora. "Kutengemaa" ni kwa jambo lililokuwa limevurugika kurudi katika mpango wake. Na kwa kiambishi cha kusababisha twapata "kutengemaza". Faida yake ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kitabibu. Kutulia ni tendo la mgonjwa mwenyewe, hakuna aulizwaye. Lakini ukisema "mgonjwa ametengemazwa", sentensi yenyewe yadai majibu: na nani, kwa kitu gani, saa ngapi? Jibu litakuwa: na mkunga, kwa dawa ya kukaza kizazi na maji ya mshipani, saa nne na robo usiku. Aliyepokea simu sasa ana habari ya kufanyia kazi.

Tena, kilichotengemazwa kwa kitu hutenguka kitu hicho kikiisha. Mtungi wenye lita 680 za oksijeni, ukitoa lita 10 kila dakika, utakwisha baada ya dakika 68. Ikiwa safari ni ya saa mbili, mtungi utakuwa mtupu kabla gari halijafika, hata kama barua yasema kwamba "oksijeni ipo". Neno lenye mtendaji ndani yake humkumbusha mwandishi kupiga hesabu hiyo kabla ya gari kuondoka.

Yawezekana kujibiwa kwamba "ametulia" laeleweka na wote, na kwamba "kutengemaza" ni geni kwa wengi. Ni kweli. Basi nesi na aendelee kumwambia shangazi wa mgonjwa kwa neno la nyumbani, akiwa na hakika nalo. Tunachotaka ni kwamba neno hilo lisiandikwe katika fomu wala lisitumike katika simu baina ya wahudumu. Yawezekana pia kujibiwa kwamba istilahi hainunui mtungi. Hilo nalo ni kweli, lakini fomu yenye nafasi ya "ametengemazwa kwa... saa ..." haiwezi kujazwa kwa uaminifu pasipo kazi kufanyika, na upungufu wa vifaa utaonekana kwa maandishi badala ya kufichwa na utulivu wa uongo.

Makabidhiano

Si haki kuhakiki bila ya kusifu. Watumishi wa serikali walijua zamani "makabidhiano" ya ofisi, na hospitali zikaliazima neno hilo kwa mgonjwa afikapo. Ni azima njema. Kiambishi cha kutendana chadai watu wawili: mmoja aeleze, mwingine asikilize na kukiri. Mgonjwa aliyeachwa juu ya kitanda pamoja na barua hajakabidhiwa, ametupwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwa Baraza na kwa wafasiri wa miongozo ya tiba maneno manne: ambulensi, tiba ya safarini, kutengemaza na makabidhiano. "Rufaa" libaki, ila likumbukwe kuwa ni neno la mahakama: jalada la kesi hungoja rafuni bila kudhurika, na mgonjwa hawezi. Walimu wa vyuo vya uuguzi wanaombwa wayajaribu maneno haya kwa njia moja tu: wamwambie mwanafunzi neno, kisha watazame mikono yake yaenda wapi.