Katuni Inayojua Kunyamaza

Jamani, kwa nini wahakiki wetu hawagusi katuni za watoto? Riwaya ikichapwa nakala chache tunaijadili wiki nzima, lakini hadithi ambazo watoto wa Sakina, Tengeru na Usa River wanazikariri neno kwa neno tumewaachia wataalamu wa elimu. Wao wanapima kama mtoto ameshika herufi na tarakimu, na wanafanya kazi nzuri. Ila swali la kwetu linabaki palepale: hiyo hadithi yenyewe ni nzuri?

Nitaongea hasa kuhusu Ubongo Kids na mdogo wake, Akili and Me. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014. Inatengenezwa Dar es Salaam, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Nisha Ligon na mchoraji Cleng'a Ng'atigwa. Hii ni ya watoto waliokwishaanza shule. Akili and Me ikaja baadaye kwa ajili ya wale wa miaka mitatu hadi sita.

Nguvu ya Ubongo Kids ni kwamba hesabu imo ndani ya mkasa. Kina Kiduchu na Koba wanapata tatizo, na bila kupiga hesabu hawatoki. Mtoto hafundishwi kwanza halafu akapewa hadithi kama peremende ya kumtuliza. Anataka kujua itakuwaje, na njia ya kujua inapita kwenye hesabu. Mwandishi yeyote wa hadithi za watoto anajua ugumu wa jambo hilo. Vitabu vingi vya watoto tunavyovisoma vinamsimamisha mhusika katikati ya safari ili atoe mawaidha, kisha safari inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu ndicho kikubwa zaidi. Tangu mwanzo, Ubongo Kids iliuliza maswali na kumwacha mtoto ajibu kwa ujumbe mfupi kutoka kwenye simu yoyote, hata ile ya kitochi. Watu wengi waliuona huo kama ubunifu mpya wa kiteknolojia. Mimi niliuona kama jambo la zamani sana limerudi kwa mlango mwingine. Mtambaji wa pwani akisema "Paukwa!" hasogei mpaka aambiwe "Pakawa!" Huku kwetu bara anaita "Hadithi, hadithi!" na watoto wanamjibu "Hadithi njoo!" Bibi wa Kimeru kule Poli au Nkoaranga, akisimulia jikoni kwa lugha yake, naye ananyamaza mahali fulani na kumtazama mjukuu. Ule ukimya ni ufundi, kwa sababu unamgeuza msikilizaji kuwa mshiriki.

Redio nayo iliujua ufundi huo kabla ya katuni. Zanzibar walikuwa na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio kwa watoto wadogo, ambamo sauti inauliza kisha inanyamaza kidogo ili watoto wajibu, waimbe au wasimame wacheze. Ukisikiliza kipindi cha namna hiyo ukiwa peke yako kinachekesha, maana kimejaa mapengo. Mapengo hayo ni ya watoto. Wasipokuwepo, kipindi hakijakamilika.

Basi kipimo changu ndicho hicho: je, hadithi inamwachia mtoto nafasi? Kwa kipimo hicho Akili and Me inafaulu nusu. Akili ni binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila akilala anaingia Lala Land, ambako yeye na marafiki zake wanyama wanajifunza herufi, namba, kuchora na kuzielewa hisia zao. Wazo la kuifanya ndoto kuwa darasa ni zuri mno. Mtoto haogopeshwi na darasa, maana amelifikia kwa kusinzia. Na lile swali la wataalamu limeshajibiwa: utafiti uliofanyika Morogoro, ulioongozwa na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto walioitazama waliwazidi wenzao waliotazama kipindi kingine katika mambo kama kuhesabu, kutambua maumbo na kuchora.

Nusu inayokosekana ni hii. Karibu kila swali lina jibu moja, na jibu linafika haraka. Nimezitazama katuni hizi mara nyingi pamoja na watoto hapa Usa River. Wanapaza sauti kujibu, jambo zuri, lakini sijawasikia wakibishana. Sasa wasimulie habari za sungura na fisi uone. Sungura anaiba, anadanganya, na bado anashinda! Mmoja atasema alifanya vizuri kwa kuwa ni mdogo, mwingine atasema apigwe, na usiku mzima utaisha hivyo. Hadithi zile hazikuogopa kumwachia mtoto swali gumu aende nalo kulala. Katuni zetu ni za adabu mno. Wema anajulikana tangu mwanzo, kosa linasahihishwa, wimbo unapigwa, tumemaliza.

Tatizo si skrini peke yake. Kule Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Watoto ambao wengi wao hawakuweza kusoma hata neno moja walianza kusoma. Silibezi jambo hilo hata kidogo. Nauliza tu: baada ya kujua kusoma, wanasoma nini? Na wanasimulia nini?

Hapo ndipo Arusha ina neno la kusema. Mjini hapa kuna Twende, kituo cha ubunifu ambacho mmoja wa waanzilishi wake ni Bernard Kiwia, fundi aliyepata sifa kwa chaja ya simu inayoendeshwa kwa pedali za baiskeli. Falsafa ya pale ni rahisi: usimpe mtu kifaa tu, mpe nafasi ya kukitengeneza. Hadithi za watoto zinahitaji falsafa hiyohiyo. Mtoto wa Ngaramtoni anayeongea Kimaasai nyumbani, au wa Akheri anayeongea Kimeru, anakutana na Akili kwa Kiswahili, chini ya mlima ambao si ule anaouona akifungua mlango. Hilo si dhambi, fasihi kazi yake ni kutupeleka kwa wengine. Lakini lazima afike siku naye aseme: mlima wangu ni Meru, na hadithi yangu inaanza hivi.

Simu ya mzazi inatosha kwa kuanzia. Ina kinasa sauti. Baada ya katuni, mwambie mwanao akusimulie upya, kwa lugha anayoitaka, na abadilishe mwisho. Mrekodi, kisha msikilize pamoja. Utashangaa fisi amepita wapi mpaka akaingia Lala Land.

Kwa watengenezaji nina ombi moja tu. Mna vipaji, mna nyimbo zinazoimbwa barabarani, na mmethibitisha kwamba mnafundisha. Tengenezeni basi kipindi kimoja ambacho mwishoni Kiduchu na Koba hawakubaliani nani alikuwa sahihi, msitoe jibu, mkazime taa. Nitakitazama na watoto wa hapa, na nina hakika usiku huo hatutalala mapema.