Wimbo Ndani ya Hadithi za Ajabu

Mji wetu wa Morogoro ulivuma kwa bendi za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Basi hatuna haja ya kufundishwa kwamba wimbo huweza kumwonya mtu kuliko hotuba. Lakini hadithi ya ajabu inapotolewa kitabuni ikatiwa katika filamu, muziki una kazi gani?

Tazama filamu ya tatu ya The Lord of the Rings (2003), iliyotokana na riwaya ya J. R. R. Tolkien. Mtawala Denethor amempeleka mwanawe vitani afe. Mwenyewe ameketi anakula, na anamwamuru Pippin amwimbie. Kitabuni, maneno yale yametoka katika wimbo wa wasafiri watembeao jioni kwa furaha. Mwigizaji Billy Boyd aliyatungia sauti ya huzuni. Pippin halaumu kwa neno lolote. Wimbo ndio unaohukumu.

Sasa pima na Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha 1952. Kila usiku Adili hulazimika kuwapiga nduguze waliogeuzwa manyani, na huku anawahurumia. Mwenye kuifanya hadithi hii filamu akijaza ngoma za kutisha, mtazamaji ataliogopa jini, aisahau husuda iliyowaponza ndugu wale. Afadhali sauti moja ya chini, au kimya, mjeledi usikike.

Jini ni pambo la hadithi. Husuda ndiyo maradhi, nayo imo majumbani mwetu. Muziki unaotuzuia kujiona humo umeiharibu hadithi, hata uwe mtamu namna gani.