Urafiki wa Mashaka: Mtoto na Watu Wazima katika Filamu "Do pivnice"

Katika mwaka wa 1983, mjini Bratislava, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, msanii Jan Švankmajer alitoa filamu fupi ya robo saa hivi iitwayo "Do pivnice". Jina hilo ni la Kislovaki, nalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa "Kushuka Ghalani", ikiwa neno ghala litachukuliwa kwa maana ya kile chumba kichimbwacho chini ya nyumba za Ulaya ya kati, ambamo wakaaji huweka viazi na makaa ya mawe ya kuotea moto wakati wa baridi. Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana mdogo ashika kikapu, ashuka ngazi za jumba la wapangaji, aingia gizani, ajaza viazi, kisha apanda. Ngazini na ghalani akutana na mzee mmoja, mwanamke mmoja, paka mweusi, na vitu vya nyumbani visivyokubali kutulia.

Huenda ikaulizwa: filamu ya namna hii ina jambo gani la kusema juu ya urafiki wa utotoni, hali mtoto huyu hana mwenzake hata mmoja? Makala haya yanashikilia kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Kila akutanaye naye humkaribia ama kwa urafiki ama kwa uadui, na kazi kubwa ya msichana, kubwa kuliko kubeba viazi, ni kupambanua baina ya hayo mawili pasipo kusaidiwa na mtu. Hiyo si kazi ndogo hata kwa mtu mzima.

Kabla ya kuingia katika maudhui yafaa neno lisemwe kuhusu fani, na pia kuhusu istilahi. Wasemaji wengi wa Kiswahili huziita filamu za aina hii katuni. Neno hilo limezoeleka, lakini humtayarisha mtazamaji kucheka, na tena humfanya adhani kuwa akionacho kimechorwa. Viazi vya "Do pivnice" havikuchorwa. Ni viazi hasa, na viatu ni viatu hasa. Viliwekwa mbele ya kamera, vikapigwa picha, vikasogezwa kidogo, vikapigwa picha tena, hata picha hizo zilipopitishwa kwa kasi vikaonekana vinakwenda vyenyewe. Neno uhuishaji lasadifu zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kuhuisha, yaani kukipa uhai kile ambacho hakikuwa nao. Wakati huo huo msichana, mzee na mwanamke ni waigizaji wenye damu na nyama. Watu wameigizwa na watu, na vitu vimehuishwa: huo ndio mgawanyo wa kazi katika filamu hii, kwa sehemu yake kubwa.

La kuzingatia ni kwamba baina ya pande hizo mbili hapana mlango. Filamu nyingi zinazochanganya waigizaji na uhuishaji huufanya uhuishaji kuwa nchi ya ndoto, ambayo mtoto huiingia kwa ufa fulani na kutoka kwa ufa huo huo, na mtazamaji akarudi nyumbani salama. Švankmajer hakumpa mtu nafasi hiyo. Mwanga unaokiangukia kiazi kinachotoroka ndio unaouangukia mkono wa msichana. Vumbi ni lile lile. Kamera hukaribia mno: yaonekana ngozi ya kiazi, ukali wa makaa, vidole. Ikumbukwe kwamba msanii huyu, aliyezaliwa Praha mwaka 1934 na kusomea sanaa ya vikaragosi, alizuiwa kutengeneza filamu kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 1972, na katika miaka hiyo alishughulika na majaribio ya sanaa ya kugusa, yaani sanaa isomwayo kwa vidole badala ya macho. Matunda ya majaribio hayo yamo humu. Mtazamaji haoni tu makaa. Ayahisi kwenye meno.

Historia hiyo imewavuta wahakiki wengi kuelekea fasiri ya kisiasa. Filamu iliyotangulia, "Možnosti dialogu" ya 1982, ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu ya filamu fupi mjini Berlin mwaka 1983, huku nyumbani ikionyeshwa kwa wasimamizi wa itikadi wa chama tawala kama mfano wa sanaa isiyotakiwa. Kwa hiyo ni rahisi kuliona jumba la wapangaji kuwa nchi nzima, jirani wa ngazini kuwa mpelelezi, na ghala kuwa mambo yale ambayo dola ilitaka yasisemwe. Wako pia wanaofuata elimu ya nafsi, hasa kwa vile Švankmajer alijiunga na kundi la Wasurealisti wa Chekoslovakia mwaka 1970. Hawa huliona ghala kuwa akili ya ndani, na kushuka kwa msichana kuwa ni kuukaribia utu uzima na tamaa zake. Fasiri zote mbili zina hoja. Kasoro yao ni moja: humfanya mtoto kuwa chombo cha kusafirishia maana za watu wengine. Švankmajer mwenyewe amesema kwamba hofu ya ghala ilikuwa hofu yake ya utotoni. Basi ingefaa mhakiki amtazame kwanza mtoto aliyetumwa viazi, kabla hajamgeuza kuwa taifa au kuwa akili.

Akitazamwa hivyo, jambo la kwanza kuonekana ni adabu. Ngazini mzee amnyoshea msichana peremende. Hapana ubaya wowote katika kitendo hicho. Ni mwenendo wa jirani mwema. Chini ghalani mzee yule yule aonekana ametandika kitanda cha makaa ya mawe. Ajifunika makaa kama mtu ajifunikavyo blanketi, na amwashiria mtoto naye aje alale. Mwanamke wa ngazini naye yumo ghalani. Yeye avunja mayai juu ya vumbi la makaa, akanda, aoka vikeki vyeusi, na uso wake ni wa mtu anayemkaribisha mgeni mezani. Peremende, kitanda, chakula: haya matatu ndiyo ambayo mtoto popote duniani hupewa na mtu ampendaye. Filamu haikuvumbua ukatili mpya. Imechukua alama za mapenzi na kuzitia makaa.

Hapa ndipo mgawanyo wa fani uliotajwa juu unapopata uzito. Švankmajer alikuwa na uwezo wa kumhuisha mzee, akamfanya atanuke au ameze watu. Hakufanya hivyo. Mzee hutisha kwa kutabasamu na kuashiria tu, vitendo ambavyo mwigizaji yeyote aweza kuvitenda bila hila ya kamera. Vitu ndivyo vilivyopewa hila. Viazi vyatoka kikapuni na kurejea vilikotoka; viatu vikuukuu vyafungua midomo kama mbwa wenye njaa na kugombania kipande cha mkate cha msichana. Lakini vitu hivi, japo ni vikali, havidanganyi. Kiatu chenye njaa chataka mkate, nacho chaonyesha kuwa chataka mkate. Kiazi hakitaki kwenda jikoni, basi chakimbia. Mtoto huelewana na vitu vya namna hiyo: huviokota, huvikwepa, husonga mbele. Hofu yake ya kweli huanza anapokutana na wale wanaotaka jambo moja na kuonyesha jingine. Kwa maneno mengine, giza la filamu hii halikuletwa na uhuishaji, kama wengi wanavyodhani. Liko upande wa waigizaji.

Msomaji wa fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki hawezi kukosa kukumbuka ngano za mazimwi. Humo pia msichana hukutana na mgeni mwenye sura ya kupendeza, naye humfuata kwa sababu sura ilimwambia amfuate. Lakini ngano huwa na huruma fulani kwa msikilizaji wake: zimwi hufichuka. Katika ngano za Wakikuyu, kwa mfano, irimu hutambulikana kwa kinywa cha pili kilichofichwa kisogoni. Anayekiona kinywa hicho amekwisha kupata ushahidi, na kijiji kizima kitamwamini. Mzee wa "Do pivnice" hana kinywa kisogoni. Uso wake wa ghalani ni ule ule wa ngazini, na kesho atakutana na mtoto penye ngazi hizo hizo na peremende nyingine. Waswahili husema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha, na methali hiyo huutumaini ujuano: afadhali mwovu aliyekuzoea. Švankmajer autilia shaka ujuano wenyewe. Ni kwa sababu mzee huyu amejulikana kuwa jirani ndiyo maana mtoto hana pa kumkimbilia.

Na je, angemkimbilia mtu, angesema nini? Swali hili lawahusu hasa wanafunzi wa lugha. Filamu hii karibu haina maneno. Milio imo, tena kwa wingi: milango, nyayo, makaa yakikwaruza. Usemi ndio haumo. Si vigumu kuudhani ukimya huo kuwa ni desturi tu ya filamu fupi za Ulaya ya mashariki, ambazo zilipita mipaka ya lugha kwa urahisi kwa sababu hazikuwa na lugha. Lakini katika kisa hiki ukimya umekuwa ni maudhui. Mtoto hakutendewa jambo ambalo lina jina. Alipewa kitanda akakataa. Alikaribishwa chakula akakataa. Katika jamii yoyote inayomfunza mtoto heshima, na jamii za Kiswahili zimo miongoni mwazo, anayekataa ukarimu wa mkubwa ndiye mwenye kosa. Msamiati alionao mtoto ni wa adabu, nao wote unamtetea mzee.

Tofauti yaonekana wazi filamu hii ikiwekwa karibu na ile ndefu ambayo Švankmajer aliitoa mwaka 1988, "Něco z Alenky", iliyotokana na kisa cha Alice cha Lewis Carroll. Humo pia mna msichana aliye hai peke yake miongoni mwa vitu vilivyohuishwa, na sungura wake ni mnyama aliyekaushwa na kujazwa unga wa mbao, ambao humwagika kila mara kifua chake kinapochanika. Lakini huyu wa pili amepewa maneno yote. Kila kiumbe kinaposema, kamera huonyesha midomo ya msichana kwa karibu, naye ndiye atamkaye maneno ya kila mmoja na kutaja nani aliyasema. Kwa kuwa sauti zote ni zake, hata kitishacho humo kiko ndani ya simulizi yake, na mwishoni yeye ndiye mwenye mkasi mkononi akiwaza juu ya kichwa cha sungura. Msichana wa ghalani hana mkasi wala simulizi. Baina ya mwaka 1983 na 1988 msanii alimpa mtoto lugha, na yafaa filamu hizi mbili zisomwe pamoja kwa sababu hiyo.

Haimaanishi kwamba "Do pivnice" haina dosari. Vitushi vyake vimefuatana kama shanga katika uzi, na baadhi ya shanga ni nyepesi. Pambano la viatu lachekesha, na kicheko hicho kimewekwa mahali ambapo hofu ilikuwa ikianza kujijenga. Tena sehemu ya mwanamke, ingawa imepigwa picha kwa ustadi mkubwa, yarudia kwa kiasi fulani yale ambayo kitanda cha mzee kimekwisha kuyasema kwa nguvu zaidi. Paka ana utata wa namna nyingine. Kila aonekanapo amezidi kukua, hata awa kama chui, na haijulikani kama yeye ni kitu kilichohuishwa au ni mmoja wa wakaaji wa jumba. Wengine wataona kuwa huu ni ulegevu wa kupanga. Lakini paka ndiye pekee mwenye umbo linalobadilika kwa kadiri ya hofu ya anayemtazama, na kwa hiyo ndiye kipimo cha pekee cha yale yanayopita moyoni mwa mtoto ambaye uso wake hausemi mengi. Bila paka huyo mtazamaji angebaki nje kabisa.

Paka ndiye pia aletaye mwisho. Msichana amekwisha kukwepa kitanda, vikeki na viatu. Amefika juu ya ngazi na kikapu kimejaa. Paka amshtua, kikapu champonyoka, na viazi vyote vyabingirika ngazi kwa ngazi hadi gizani vilikotoka. Safari hii havikuhitaji kuhuishwa. Kiazi kikiangushwa ngazini hubingirika. Msichana asimama kidogo akivitazama. Hapana mtu ajaye kumwuliza kwa nini amechelewa, wala kwa nini viganja vyake vimeingia weusi. Kisha ashika kikapu kitupu na kuanza kushuka.