El Lissitzky: kutoka turubai hadi chumba

Mwaka 1919, huko Vitebsk, El Lissitzky alianza kuchora picha za maumbo ya kijiometri alizoziita Proun. Mwaka 1923, katika maonyesho ya Berlin, maumbo hayo yaliacha turubai yakatanda katika kuta za chumba kizima. Hata hivyo, mtazamaji alibaki mfuasi: kuta ndizo zilizoongoza hatua zake.

Chumba alichokibuni kwa jumba la makumbusho la Hannover (1927-1928) kilikwenda mbali zaidi. Kuta zilionekana nyeupe, kijivu au nyeusi kadiri mgeni alivyotembea. Naye alisogeza paneli kwa mkono wake, akachagua picha ya kutazama, nyingi zikiwa za wasanii wengine. Kwa maoni yetu, ukomavu wa Lissitzky uko hapo: alijipunguza ili mtazamaji akue. Watawala wa Kinazi walikibomoa chumba hicho katika miaka ya 1930. Mtu anayejichagulia hawapendezi watawala wa namna hiyo.