Kitabu cha Marekani na Watoto Wetu wa Ituri

Padri mmoja aliniazima kitabu cha Kiingereza kiitwacho Bad Therapy, yaani Tiba Mbaya, kilichotoka mwaka 2024. Aliyekitunga ni Abigail Shrier, mwandishi wa habari wa Marekani. Nilikisoma polepole, maana Kiingereza nilijifunza ukubwani.

Shauri lake ni hili: huko Marekani watoto wasio wagonjwa wapelekwa kwa wanasaikolojia, na shuleni waulizwa kila mara juu ya huzuni zao, nao wazazi waogopa kuwaamuru. Basi mtoto huzoea kuuchungulia moyo wake tu, akadhoofika badala ya kukomaa. Wale wenye ugonjwa mkali wa akili mwandishi awatenga. Msomaji wa haraka asiruke maneno hayo.

Onyo lake lina msingi. Mwaka 1997 waganga wa Wales walitoa habari za watu 110 waliolazwa kwa kuungua moto. Baadhi yao walikalishwa mapema wasimulie yote yaliyowapata. Baada ya miezi 13, katika hao, 26 kwa kila mia walikuwa wakiteswa bado na hofu ya yaliyopita. Katika wale ambao hawakukalishwa, 9 tu kwa mia. Ni kweli kwamba waliosimulia walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo, lakini faida ya kusimulizwa haikuonekana.

Niliposoma hayo nilifikiri kambi za hapa Bunia, zilizopokea watu tangu vita vya Djugu vilipoanza tena mwishoni mwa 2017. Kijana mmoja wa mafundisho yangu aliulizwa na wageni watatu, katika mwezi mmoja, jinsi baba yake alivyouawa. Kila mgeni aliandika, akashukuru, akaenda zake. Kijana akaacha kuja kanisani kwa majuma mawili. Hapo Bibi Shrier amesema kweli kabisa.

Lakini kitabu chake chadhani kwamba mzazi ana nguvu, ila amenyang'anywa madaraka yake. Kwetu mama aliona yale yale aliyoyaona mwanawe. Usiku ule wa Februari 2022, kambi ya Plaine Savo iliposhambuliwa wakafa watu wapatao 60, wakubwa na wadogo walikimbia pamoja. Kosa letu si kuuliza mno. Sisi twasema, "Sahau, Mungu yupo," kisha twanyamaza. Mimi mwenyewe nimesema hivyo mara nyingi, kwa kuwa sikujua la kusema. Naogopa kwamba mzazi wa hapa akikisikia kitabu hiki, atapata udhuru mpya wa ukimya wake wa zamani.

Na ipo njia nyingine, wala haiko mbali. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za watoto na vijana 159 wa vijiji viwili huko kaskazini-mashariki, walikotishwa na waasi wa LRA. Walipewa vikao vinane, pamoja na walezi wao, navyo viliongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, si waganga. Dalili za hofu zilipungua. Kitabu kinene kama hiki kingeweza kuwapa watu wa namna hiyo sura moja.

Mama wa kijana yule aliniuliza kama kitabu chasema amwulize mwanawe au asimwulize. Nilimjibu asimlazimishe, ila siku atakapoanza mwenyewe, aepue sufuria motoni, akae.