Kosa la Mtoto na Ustadi wa Mwalimu

Vyuo vya ualimu vya Tanzania, Butimba na Mpwapwa, Marangu, Korogwe, Tabora na vinginevyo, hutoa vijana waliofuzu, ambao wakiajiriwa huweza kupangiwa shule zilizo mbali na kwao, na huko wakakabidhiwa amana iliyo kubwa kuliko umri wao, nayo ni akili za watoto wa watu. Cheti hushuhudia ya kuwa mwenye nacho amesoma, ametahiniwa, na amefanya mazoezi ya kufundisha mbele ya macho ya mkufunzi. Ushuhuda huo ni wa haki, na mwenye kuudharau hajui taabu iliyomo ndani yake. Lakini ustadi ninaoona kuwa ndio kilele cha kazi hii tukufu huanza kudhihirika siku mwalimu mpya anapolitazama jawabu lisilo sahihi katika daftari la mtoto, na kabla hajalitia alama ya kosa, akajiuliza mtoto huyu amepita njia gani hata akafika hapo.

Maandalio hayana badala. Hati ya mwalimu ubaoni sharti isomwe na mtoto aketiye dawati la mwisho; sauti yake ifike huko bila ya kugeuka kelele; naye aijue mada kupita kitabu cha kiada kinavyomdai, maana mwenye maarifa ya kumtosha kipindi kimoja tu hutishwa na swali la kwanza. Azimio la kazi humwongoza kwa muhula, na andalio la somo humwongoza kwa kipindi. Chini ya andalio hilo pana nafasi ya tathmini, ambayo aghalabu hujazwa kwa haraka, ikaandikwa ya kuwa somo limeeleweka, na daftari likafungwa. Mwalimu mkweli huandika humo nani hakuelewa na alikwama wapi, kwa sababu somo lake la kesho litaanzia hapo.

Natutwae mfano mmoja. Mtoto wa darasa la tatu ameambiwa atoe 17 katika 42, naye ameandika 35. Mwalimu mwenye papara atalitia kosa alama na kupita, na kesho mtoto ataandika 35 tena kwa moyo mkunjufu. Mwalimu stadi huinama kando ya dawati akasema, “Hebu nieleze, mwanangu, ulifanyaje?” Mtoto ataeleza ya kuwa katika safu ya mamoja alikuta 2 juu na 7 chini, na kwa kuwa 7 haitoki katika 2, alitoa 2 katika 7 akapata 5, kisha katika makumi alitoa 1 katika 4 akapata 3. Jawabu si sahihi, lakini limezaliwa na kanuni, na kanuni hiyo mtoto ameifuata kwa uaminifu: kila safu hutoa tarakimu ndogo katika kubwa. Likiisha kujulikana hilo, dawa yake i karibu. Vijiti 42 hufungwa mafungu manne ya kumi kumi, viwili vikabaki huru. Mtoto mwenyewe akafungua fungu moja, akapata vijiti 12, akaondoa 7, vikasalia 5. Kisha katika mafungu matatu yaliyobaki akaondoa moja, akatamka kwa kinywa chake, bila ya kuambiwa, ya kuwa jawabu ni 25.

Katika kusoma nako mambo ni hayo. Mtoto wa darasa la kwanza aweza kusoma ukurasa mzima kwa ufasaha wa kupendeza, lakini mwalimu akiifunika picha na kumwonyesha neno moja la katikati, mtoto akanyamaza. Masikio yake yamehifadhi sauti za wenziwe, na macho yake bado hayajazijua silabi. Mwingine huandika “kurara” mahali pa “kulala”, kwa kuwa huenda lugha ya mamaye haitengi sauti hizo mbili. Watoto hawa si wavivu wala si wajinga, na mwalimu ajuaye sababu ya makosa yao hawaiti hivyo. Humrudisha wa kwanza kwenye irabu na silabi kwa upole, na humzoeza wa pili kusikia kabla ya kuandika.

Kutokana na hayo yaonekana kwa nini upole ni sehemu ya ujuzi, wala si pambo la tabia. Hofu humfundisha mtoto kulificha kosa, kunakili kwa jirani, na kuitikia “ndiyo, mwalimu” kwa jambo asilolijua. Na mwalimu aliyefichwa makosa hana tena pa kuanzia. Nidhamu darasani ni faradhi, lakini nidhamu iliyo bora ni ile imwachiayo mtoto ujasiri wa kusema kwamba hajaelewa.

Watu watasema ya kuwa hayo ni rahisi kuandikwa, na kwamba tangu Serikali ilipoanza kutoa elimumsingi bila malipo mwaka 2016 madarasa mengi yamefurika kupita kawaida ya watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Ni kweli, na uzito huo wastahili kuhurumiwa na kupunguzwa na wenye mamlaka. Hata hivyo, mwalimu mwenye insafu hujilinda asifundishe mikono ile ile inyookayo kila siku mstari wa mbele. Makosa ya watoto mia hayawi ya namna mia. Hukusanyika katika aina chache, na mwenye kuzitambua aweza kuwaketisha pamoja watoto wa kosa moja na kuwahudumia kwa mara moja.

Taifa hili limekwisha kuona kazi hiyo ikifanywa katika dhiki. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto kufikia 1977, vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa vijijini, kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa kufundisha kwenyewe. Elimu yao ilikuwa fupi, na upungufu wake ulionekana. Lakini watu wazima wengi wa leo walizijua herufi kwa mikono ya walimu hao. Mwalimu mpya wa sasa, aliyejaaliwa elimu ndefu zaidi, anadaiwa zaidi.

Basi mwalimu mkuu ampokeaye kijana kutoka chuoni, pamoja na kumwonyesha ofisi na ratiba ya zamu, na ampe pia mazoea haya: kila mwisho wa juma amwulize, kabla ya kumwuliza wangapi wamefaulu, ni kosa gani alilolipatia sababu yake, na ni mtoto gani aliyetoka katika kosa hilo. Kijana atakayekuwa na jawabu kila juma amekwisha kuwa mwalimu.